Udi wa Chumbani, Moshi wa Uani

Mtu akikwambia Arame Gaye ni mchafu, msonye kwa niaba yangu. Tumekuwa majirani tangu tulipoolewa huku nyuma ya reli, ukuta wake ndio ukuta wangu, na sijaona mwanamke anayechukia uchafu kama yeye. Sufuria yake ukiitazama unaona meno yako. Glasi ya mgeni anaiosha, anainusa, asiporidhika anaiosha tena. Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akamweka wapi? Akamweka ukingoni mwa dimbwi.

Habari za dimbwi hilo usizisome ukiwa unakula. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji ya mji mzima yanateremka kwetu bondeni, na yakifika yanakaa. Yanakaa mpaka watu wa mashamba wanang'oa karanga. Kwanza yanakuwa ya kijani, halafu meusi, halafu yanafanya utando juu kama uji uliolala. Mna viatu humo, mna nepi, mna vichwa vya samaki. Mwaka mmoja mlikuwa na paka, akavimba, akaelea mpaka mlangoni kwangu tumbo juu, na hakuna aliyekubali kuwa ni wake.

Na kama hayo hayatoshi, yupo Masamba Diop, wa nyumba ya tatu. Huyo kila ikinyesha mvua kubwa hufunua shimo lake la choo akalisukumia uchochoroni, eti mvua italibeba. Ilibebe ilipeleke wapi, ewe mtu? Mvua ina mikono?

Mimi ni wa ukoo wa Ndiaye, yeye ni wa ukoo wa Diop, na koo hizo ni watani. Nina ruhusa ya kumtukana mchana kweupe naye hana ruhusa ya kununa.

"We Diop mlafi," namwambia, "unakula mpaka shimo linafurika, kisha unatuletea makombo?"

"Ngone, mtumwa wangu," anajibu, tumbo linamtikisika, "shukuru. Bwana wako hakunyimi kitu."

Watu wanacheka, na mimi nacheka, maana ndio utani wenyewe. Lakini nikirudi ndani natapika, wallahi.

Kwenye maji kama hayo mbu wanazaana kama hawana kazi nyingine, na kweli hawana. Jua likianza kushuka wanatoka. Ukimpiga mmoja ukutani anaacha damu, na hujui ni yako au ni ya Diop. Hilo linaniudhi kuliko hata kuumwa. Nikiwaza damu ya mtu yule imekaa tumbo moja na yangu, mwili wote unanisisimka.

Kujifungia ndani haiwezekani. Vyumba vyetu wakati wa mvua vina maji sakafuni, vitanda tumevipandisha juu ya matofali, na joto humo ni la kuchemshia mayai. Kwa hiyo maisha yote ya jioni ni uani: kula uani, chai uani, kusali uani, kusutana uani. Na ua mmoja tu ndio ulioinuka kidogo, wa Arame, kwa sababu marehemu mume wake aliujaza kifusi na mchanga kabla hajafa. Uchochoro mzima tulihamia kwake kila alasiri ikiisha.

Yeye ndiye aliyekuwa akitufukuzia mbu. Alikuwa na karai kuukuu la makaa. Humo alitia majani makavu ya mwarobaini, maganda ya machungwa na vipande vya mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Kisha alizunguka nalo akitazama upepo. "Sogea, Ngone, upepo umegeuka." "Wewe, funika miguu, hapo nyuma moshi haufiki." Tulikohoa, macho yakatuwasha, nguo zikanuka zizi, lakini tulikunywa chai yetu raundi zote bila kujizaba makofi. Huo ulikuwa moshi wa bure.

Wa kuuza ulikuwa mwingine. Arame alikuwa mchanganyaji wa udi, ule wa chumbani, ambao mwanamke huutia kwenye chetezo zamu yake ya mume ikikaribia. Aliponda mizizi ya ndago, akatia sandali, miski, utomvu na mafuta ambayo hakuyataja kwa mtu, akakifunga chungu kwa nguo akakifukia kwenye mchanga mpaka kikomae. Wake za watu walimjia kutoka mbali, mpaka kule juu kwenye mchanga mkavu wanakokaa wenye nafasi. Na kila mmoja aliambiwa sikioni maneno yale yale: "Huu nimeuchanganya kwa jina lako. Dunia nzima hakuna mwingine mwenye nao."

Na mimi niliambiwa hivyo. Nilikuwa na kichupa changu nimekificha ndani ya mfuko wa mchele, na mume wangu alikuwa akiingia chumbani anavuta pumzi kama mtu aliyefika nyumbani. Niliringa, sikatai. Mbele ya mke mwenzangu nilikuwa napita taratibu.

Arame alikuwa na mtoto mmoja tu, Ndela, fundi cherehani, msichana mpole, mwembamba, ambaye mbu walimpenda kuliko sisi sote. Kila msimu wa mvua alilala na homa. Mwaka ule wa paka homa ilimpanda kichwani, akawa anaongea na marehemu baba yake, na tulimbeba mgongoni kuvuka dimbwi kwenda zahanati, macho yamegeuka meupe. Arame alikuwa nyuma yetu, maji yamemfika mapajani, hakulia. Aliporudi aliniambia, "Ngone, mwanangu hatakufa kwenye kinyesi cha watu. Nitamtoa humu, nitamwoza mahali pakavu."

Mwaka uliofuata walikuja wajumbe wa posa ya kwanza, watu wa maana, na kola zao kwenye kikapu, zile kokwa chungu zinazogawiwa posa ikikubaliwa. Mbu waliwala vibaya sana. Mmoja wao alikuwa akiwapondaponda kwenye paji la uso na kufuta vidole kwenye mkeka wetu, mkeka wa kusalia, nikamtazama nikamwona kama nguruwe. Kabla kola hazijagawiwa mkubwa wao alisimama akasema, "Tutarudi mvua zikiisha." Mvua ziliisha, karanga zikang'olewa, zikaliwa, hawakurudi. Tukasikia baadaye wamesema wao hawaoi kwenye nyumba ya mbu.

Ndipo akatokea Bara, fundi wa majokofu, anakaa huko juu kwenye mchanga, kijana mzuri ila masikio makubwa. Alimtaka Ndela hasa. Lakini posa haiendi bila wazee, na mzee wake ni mjomba wake Tanor Lo, mtu wa kunata, mwenye kanzu pana zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Ikapangwa siku, katikati ya mvua, maana mzee Tanor alikuwa anasafiri na hakutaka kungoja.

Wiki nzima Arame hakutulia. Alimwagia dimbwi mafuta taa. Alikausha gunia zima la mwarobaini na maganda, akaliweka jikoni juu ya kigoda. Kwa kuwa mume hana na ndugu zake wako mbali, ilibidi amwombe mwanamume mkubwa wa uchochoro awapokee wageni na kugawa kola. Na mwanamume mkubwa wa uchochoro ni nani? Masamba Diop! Kola ya Ndela igawiwe na mikono ile!

"Oga," nilimwambia asubuhi. "Oga kwa sabuni, halafu oga tena."

"Ngone, leo utaniona mpaka unitamani."

Mchana ikapiga mvua ya kukata na shoka. Diop kwa akili yake akaona wageni wanakuja, nyumba yake isinuke, akafunua shimo lote. Lote! Likateremka uchochoroni, likapita mlango wa nyuma wa Arame, likaingia jikoni, likakipindua kigoda, na gunia likalala humo. Tulipofika, majani, maganda, mavi ya ng'ombe, vyote vinaelea pamoja na vitu ambavyo sivitaji.

"Nimesafisha kwa ajili ya wageni!" Diop akasema. Amevaa kanzu nyeupe, anang'aa.

Arame alitazama gunia lake, akafumba macho, akaanza kuchota.

Wageni waliotakiwa alasiri walifika jua linazama, kwa sababu njia ya chini ya reli ilikuwa imejaa. Mzee Tanor aliingia kashika viatu mkononi, kanzu ameipandisha magotini, miguu myeusi kwa tope lile. Nyuma yake alikuwa Galaye, mwadhini wa msikiti wao, msemaji wa ujumbe, na wazee wengine wawili wasiosema. Arame aliwamwagia maji miguuni yeye mwenyewe, akawasugua kwa sabuni, uso hautikisiki. Wakasali magharibi uani. Kila waliposujudu nilisikia paa! paa! makofi juu ya visogo. Mzee Tanor ana upara mpana, na mbu walikuwa wameukalia kama mkeka wao.

Wakaketi. Diop akaanza kuwakaribisha kwa maneno marefu, anajikuna huku anaongea. Ndela alileta juisi ya rozela, akapiga magoti, akarudi ndani. Mzee Tanor akanywa. Akakunja uso, akaingiza vidole mdomoni, akatoa mbu mwenye miguu yote, akamtazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jikoni Arame alikuwa anapuliza makaa, karai limejaa majani yaliyolowa uchafu, linatoa mvuke unaonuka choo na hautoi moshi. Mimi napepea kwa kanga. Tukasikia sauti ya mzee Tanor uani, kavu:

"Galaye, naona jioni hii si nzuri. Labda tutarudi mvua zikiisha."

Maneno yale yale, neno kwa neno. Arame aliacha kupuliza. Alinyanyuka, akaingia chumbani kwake ndani ya maji, akapanda kitandani, akatoa chungu. Chungu chenyewe! Cha mwaka mzima.

"Arame, umechanganyikiwa? Huo si wa uani!"

"Toka njiani, Ngone."

"Ni wa chumbani! Wazee wa watu hao, mmoja mwadhini!"

"Wakiondoka, mwanangu anabaki humu. Toka njiani."

Alimwaga nje uchafu wote uliokuwa karaini, akatia makaa mapya, akayamiminia udi kwa kiganja, tena na tena, mpaka moshi ukatoka mweupe, mzito, kama wa kuchoma kondoo. Akalibeba karai akaliweka katikati ya wanaume.

Mbu waliondoka. Wallahi waliondoka, hata wale wa uparani. Na wazee wakalegea. Mzee Tanor alinyoosha miguu, Galaye akaegemea ukuta kafumba macho, Diop akaacha kujikuna. Nilivuta pumzi na mimi, na nikaganda mlangoni. Ulikuwa ni udi wangu. Si unaofanana nao. Ni wangu, ule ule wa mfuko wa mchele.

"Mashallah," Galaye akasema polepole, bado kafumba macho. "Ni kama niko kwangu."

Mzee Tanor akageuza shingo. "Kama uko wapi?"

"Kwangu, mzee. Chumbani kwa mke wangu."

"Huu ni udi wa mke wangu," mzee Tanor akasema. "Wa Kodu. Aliniapia kwamba hakuna mwingine duniani mwenye harufu hii. Wewe, Galaye, umeijulia wapi?"

Galaye alifumbua macho. Kabla hajajibu, yule mwehu wangu wa Diop, anayependa kila jambo limhusu, akapaza sauti: "Hata mimi naujua! Huo nimeuzoea sana, wazee wangu!"

Jamani, jamani. Mzee Tanor alimtazama Diop kuanzia kucha za miguu, zile kucha, mpaka mate yaliyomkauka pembeni mwa mdomo. Niliona anavyopiga picha kichwani, Kodu wake, msichana wa hina na dhahabu, na mtu huyu. Uso wake ukawa wa mtu anayetaka kutapika.

"Na huyu?" akasema. "Kodu na *huyu*?"

"Mzee, tuliza—"

"Usiniguse, Galaye! Na wewe umo! Naapa, nikifika nyumbani leo Kodu anabeba vyombo vyake."

"Basi hata wangu," Galaye akasema, "hata wangu anieleze wewe umeijua wapi hii harufu."

Wakasimama. Kikapu cha kola kikapigwa teke. Nilimwona Ndela dirishani kashika mdomo. Nikamkonyeza Arame, nikamfanyia ishara: sema umenunua sokoni, sema umeokota, sema lolote! Uongo wa namna hiyo ungelinda biashara yake, na wale wake wawili wangejitetea wenyewe huko kwao. Arame alinielewa vizuri kabisa. Akapita mbele yangu, akasimama kwenye moshi wake.

"Mzee Tanor. Chungu ni kimoja."

"Nini?"

"Nachanganya chungu kimoja kila mwaka, nauzia wote. Kila mwanamke namwambia wake ni wake peke yake. Kodu nilimwambia hivyo. Mke wa Galaye nilimwambia hivyo. Mke wa huyu Diop. Ngone huyu hapa, rafiki yangu, naye nilimwambia hivyo. Wake zenu hawana kosa, ni wanawake wasafi. Mchafu ni mimi."

Nilihisi kama nimelishwa kiporo kilichochacha nikakitafuna nikakisifu. Uringaji wangu wote ule! Kumbe nilikuwa nanukia kama mke wa Diop! Kefule!

Mzee Tanor akatema mate pembeni, karibu na mguu wangu.

"Mwanamke, umenitoa roho bure," akasema. Akaketi. Akautazama moshi, ambao ulikuwa unaanza kupungua, na mbu mmoja akampitia sikioni. "Gaweni kola upesi, huo moshi usije ukaisha."

Nilimnawisha Diop mikono kwa sabuni mbele ya watu wote, mpaka viwiko. Akagawa. Ndela akaposwa.

Siku ya pili wanawake walianza kuja. Kodu ndiye wa kwanza, kapanda teksi mpaka relini, akavuka kwa miguu na viatu vyake vya kung'aa. Hakutukana. Alisimama mlangoni kwa Arame, akasema, "Wangu peke yangu, eh?" akapindua kichupa chake dimbwini. Akaja mke wa Galaye, akamwaga. Akaja mke wa Diop. Wakaja wengine ambao sikuwajua, kutoka kila kona, mmoja baada ya mwingine, wanamwaga na kuondoka. Wangu nilitoka nao mkononi, nikasimama kwenye foleni kama wao, na zamu yangu ilipofika nikamwaga, Arame ananitazama.

La kuvunda halina ubani, wahenga walisema, na sisi tulilinusa. Miski na kinyesi, sandali na samaki, vyumba vya wake wote wa mji vimechemka pamoja juani. Ukifungua mdomo harufu inakaa kwenye ulimi. Kabla ya hapo dimbwi lilikuwa linanuka tu. Sasa lilikuwa linatongoza. Na mbu hawakujali hata kidogo.

Harusi ilifanyika haraka. Desturi ni mama kumpa binti chungu chake cha udi anapokwenda kwa mume. Dada zake Bara wakatuma neno kwamba kwa mama huyu hawataki hata chembe. Ndela akaenda mkavu, nguo zake zinanuka moshi wa mwarobaini, maana Arame alishinda jioni zote akimfukizia kwa majani machache aliyoanika upya, yote kwake, yeye mwenyewe amekaa nje ya moshi. Miguu yake ilikuwa imevimba vipele mpaka magotini. Nilimwona, na sikumsemesha. Nilikuwa bado na hasira.

Harusi haijapoa, Arame akaanguka kwa homa. Nilimkuta chini, kando ya kitanda, ndani ya maji, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilipiga kelele. Nani akaja? Diop. Hakukuwa na mwingine.

"Mbebe, tumpeleke zahanati," nikamwambia.

"Dimbwi limejaa, Ngone. Litanifika kifuani."

"Si la kwako? Mbebe!"

Akambeba mgongoni, akaingia. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika tumboni, ule utando unamzunguka, mambo yake mwenyewe yanamgonga kifuani, na kila hatua ile harufu inapanda, choo na miski, choo na miski. Alikuwa anatapika huku anatembea. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika Arame asiteleze, na mimi natapika. Sikumtania.

Ndela alikuwa ameshapata habari. Tulimwona ng'ambo, juu kwenye mchanga kando ya reli, katika nguo zake za bibi harusi mpya, analia. Alipomwona mama yake ananing'inia vile, akavua viatu, akapandisha sketi, akashuka kuja kutupokea.

Arame alikuwa hasemi tangu nyumbani. Nilidhani hata hasikii. Akainua kichwa kutoka bega la Diop, akapiga ukelele wa kumfokea mtoto mdogo:

"Ndela! Usikanyage huku! Baki hapo hapo!"

"Mama—"

"Baki kwenye mchanga, nimesema!"

Ndela akarudisha mguu. Akabaki pale pale, viatu mkononi, akatungoja kwenye mchanga mpaka tulipofika.